Baada ya moto: Nani hurudi mjini kwanza?

Novemba 8, 2018 moto wa msituni uliteketeza mji wa Paradise, California nchini Marekani. Watu 85 walifariki na majengo zaidi ya 18,000 yaliungua. Chanzo kilikuwa nyaya za kampuni ya umeme ya PG&E, ambayo ilikiri makosa mahakamani mwaka 2020.

Kazi ya kwanza haikuwa kujenga bali kusomba. Zaidi ya tani milioni 3.6 za kifusi zilihamishwa kwa malori. Aidha, mabomba ya maji yalikutwa na benzini, kemikali ya sumu. Katika ujenzi mpya, nyaya za umeme zinafukiwa ardhini.

Kwa upande wa fidia, PG&E ilikubali dola bilioni 13.5, lakini nusu yake ilikuwa hisa za kampuni hiyo hiyo. Bei ya hisa ilipoyumba, fidia nayo iliyumba. Wenye nyumba na bima walipata pa kuanzia. Wapangaji hawakuwa hata na kiwanja.

Somo kwa wafanyabiashara ni kwamba bima ya ghala ni ya mwenye ghala. Mali ya mpangaji iliyomo ndani huhitaji bima yake yenyewe.