Usiuze wimbo wako kwa kangomba

Leo hatuzungumzii malaria wala balehe. Leo tunazungumzia mshiko, hasa mshiko wa muziki, maana wengi wenu mnaandika mistari nyuma ya daftari la jiografia na mnataka kujua kama kweli mtu anaweza kuishi kwa kuimba.

Tuseme wewe ni mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Chidya. Likizo ya Desemba imefika. Unapanda gari hadi Masasi mjini, unaingia studio, unaimba. Produsa anatikisa kichwa, anasema: "Dogo, uko vizuri. Hela huna? Usijali, nitakurekodia bure, ila wimbo unakuwa wangu." Unafurahi. Unasaini karatasi hata hujaisoma, na jioni unarudi nyumbani na wimbo kwenye simu.

Je, umepata au umepatikana?

Mtoto wa mkulima wa korosho analijua jibu. Mwezi wa saba nyumbani hakuna hela, mdogo wako anaumwa au ada inadaiwa, halafu anakuja mtu na pesa kidogo mkononi. Ananunua korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo kangomba. Mnada ukifika, bei ikipanda, mwenye faida ni yeye. Wimbo uliorekodiwa "bure" kwa masharti hayo ni kangomba tupu, tofauti ni kwamba korosho utavuna tena mwakani, na wimbo ule hautarudi.

Sasa tuone hela ya mtandaoni inavyokwenda. Watu wengi wanadhani ukisikilizwa mara moja kwenye programu kama Spotify, kuna bei maalumu unayolipwa. Sivyo. Mfano wake ni stakabadhi ghalani, tunayoijua huku Mtwara tangu mwaka 2007. Korosho za wakulima wengi zinakusanywa ghalani, zinauzwa mnadani, makato yanatolewa, kisha kila mmoja analipwa kwa kilo zake. Huko nako, fedha za wanaolipia huduma na za matangazo zinaingia kwenye chungu kimoja. Kampuni inabakiza sehemu yake, kwa Spotify ni kama asilimia 30. Zinazobaki zinagawanywa kulingana na nani kasikilizwa mara ngapi kati ya wote. Kwa hiyo "kilo" zako zinapimwa pamoja na za mastaa wakubwa. Na msikilizaji wa Tanzania hulipia huduma bei ndogo kuliko wa Uingereza au Marekani, kwa hiyo naye analeta kidogo chunguni.

Hesabu inayotajwa sana duniani ni kama dola 3 hadi 5 kwa kusikilizwa mara 1,000. Chukua dola 3, ingawa kwa wasikilizaji wa huku inaweza kuwa chini ya hapo. Wewe peke yako huwezi kupeleka wimbo Spotify. Unapitia msambazaji wa mtandaoni. Wengine hukata asilimia, wengine hutoza ada ya mwaka, tuseme dola 20. Ili kurudisha ada hiyo tu, unahitaji kusikilizwa karibu mara 6,700. Kama mmekubaliana nusu kwa nusu na produsa, ni zaidi ya mara 13,000. Chidya nzima wakisikiliza asubuhi na jioni siku moja hamfiki (na simu shuleni haziruhusiwi, hilo tunalijua!). Isitoshe, tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa rekodi ambayo haijafikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12.

YouTube ndiko vijana wengi wanakokimbilia. Ili upate sehemu ya fedha za matangazo unatakiwa uwe na wafuasi 1,000 na video zako ziwe zimetazamwa jumla ya saa 4,000 ndani ya mwaka mmoja. Kuna njia nyingine ya video fupi, lakini hiyo inadai kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukishakubaliwa, matangazo ya kwenye video zako za kawaida yanakupa asilimia 55. Hela haitumwi mpaka ifike dola 100, na kama hujafika miaka 18 lazima mzazi au mlezi awepo kwenye akaunti ya malipo. Ukiambiwa "weka YouTube, wiki ijayo unanunua pikipiki", cheka tu.

Basi wanaoishi kwa muziki bila kuwa na lebo wanaishije? Kwa kuunga-unga. Tena si aibu. Huyu anaimba harusini. Yule anatunga wimbo wa tangazo la duka, anatengeneza biti za wenzake, anauza miito ya simu, ambayo nayo hukatwa na kampuni ya simu na wakala kabla haijamfikia. Huku kwetu muziki una msimu kama korosho. Minada ikianza kati ya Oktoba na Novemba fedha zinaingia, kisha zinafuata harusi na sherehe. Jando na unyago vinaangukia zaidi likizo za shule, na hapo wapiga ngoma wanatafutwa kweli kweli. Mpiga sindimba hodari wa Newala anaweza asiwe na hata video moja na bado akala kwa ngoma yake.

Piga hesabu mwenyewe. Wimbo uliosikilizwa mara 100,000, kwa ile dola 3, unaleta dola 300, yaani kama shilingi 750,000 ukichukua dola moja kwa shilingi 2,500. Ukilipwa 100,000 kwa harusi moja, harusi nane zinaipita hela hiyo. Mtandao unasaidia watu wakujue na wakupigie simu. Mchele unapatikana zaidi jukwaani.

Kama mtandao unalipa kidogo hivi, kwa nini basi tunapiga kelele kuhusu kile kikaratasi cha produsa? Kwa sababu wimbo unaishi muda mrefu, na hujui upi utakaopata bahati. Kila wimbo una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, maana yake maneno na sauti ulizobuni. Ya pili ni rekodi yenyewe, wenyewe wanaiita masta. Mwaka 2016 Diamond Platnumz alitoa Salome, uliojengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli wa miaka mingi nyuma. Rekodi ilikuwa mpya, lakini utunzi wa zamani ulikuwa bado na thamani. Ukiuza vyote viwili ukiwa kidato cha tatu, siku kama hiyo hela inampitia mwingine.

Chukueni na kijana wetu wenyewe, Harmonize, mzaliwa wa Chitoholi hapa hapa mkoani Mtwara. Alitoka mwaka 2015 na Aiyola akiwa chini ya lebo ya WCB Wasafi. Alipoamua kujitegemea mwaka 2019 na kuanzisha Konde Music Worldwide, alieleza mwenyewe hadharani kwamba mkataba ulimtaka alipe shilingi milioni 500, na kwamba aliuza nyumba ili aipate. Hatusemi lebo ni mbaya. Lebo ilimtangaza nchi nzima na nje, na hiyo ina gharama yake. Tunasema mlango wa kutokea una bei, na bei hiyo inaandikwa siku ya kuingia, wakati wewe unawaza picha ya kupiga na bosi tu.

Kisheria, mwenye umri chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuingia mkataba. Akikuharakisha mtu usaini bila mzazi, jiulize anakimbilia wapi.

Kuna pia mirabaha, fedha zinazolipwa na redio, baa na hoteli zinazopiga nyimbo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta COSOTA, ambako unasajili kazi zako. Januari 2022 iligawa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya 1,000. Ukigawanya unapata kama laki tatu kwa mtu, na wengi walipata chini ya hapo. Lakini ambaye kazi zake hazikusajiliwa alikuwa kama mkulima asiye na stakabadhi. Hata korosho zake ziwe nzuri vipi, mnadani hana kilo.

Jambo moja zaidi, na dada zetu tunaomba mlisome kwa makini. Wapo watu wa studio wasiotaka hela wala wimbo, wanataka mwili. "Njoo saa nne usiku, peke yako." Hiyo ni rushwa ya ngono. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtaja mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe haki au upendeleo kuwa ni mkosaji. Wavulana nao wanadaiwa, ingawa wanaona haya kusema. Nenda mchana, nenda na kaka au rafiki, na mama ajue uko wapi. Likikukuta, TAKUKURU wanapatikana bure kwa 113, na simu ya kusaidia watoto ni 116.

Turudi kwa yule produsa wa Masasi. Akikwambia huna hela, mwambie: "Sawa kaka, tuandike." Chukua karatasi ya daftari. Andika jina la wimbo, tarehe, nani katunga maneno, nani katengeneza biti, masta ni ya nani, na hela ikija kila mmoja anachukua asilimia ngapi. Kama anakukopesha studio, andika deni ni shilingi ngapi, na kwamba likiisha limeisha. Wote msaini, mzazi au mlezi wako asaini pia, kila mmoja abaki na nakala. Akikataa kuandika, kunja karatasi yako, panda gari urudi. Msimu wa korosho ujao utakuwa na nauli ya studio nyingine.