Baba Yuko Rumande: Utawasiliana Naye Vipi?

Ukiulizwa shuleni, "Mzee wako yuko wapi siku hizi?", unajibu nini? Wengi hujibu, "Amesafiri." Mwingine atasema yuko mgodini, mwingine yuko shamba. Tunapozunguka mashuleni kufundisha afya huwa tunapitisha sanduku la maswali, na vikaratasi vingi vinavyotoka humo ni vya mambo mliyoyazoea: hedhi, chunusi, mapenzi, Ukimwi. Lakini mara nyingine hutoka kimoja kilichokunjwa mara nne, mwandiko mdogo kabisa: kuna mtu wangu yuko ndani, nitaongea naye vipi? Leo tunajibu hicho.

Kwanza tusahihishe neno. Mtaani watu husema "kafungwa" mara tu mtu akikamatwa. Si kweli. Mtu ambaye kesi yake haijaisha anaitwa mahabusu. Mfungwa ni yule aliyekwisha hukumiwa kifungo. Mahabusu bado hajaonekana na hatia, hata kama majirani wameshampa miaka thelathini pale kijiweni. Tofauti hii si ya maneno tu. Inagusa nguo anazovaa, chakula unachoweza kumpelekea na mara ngapi unaweza kumwona.

Haya tutakayoyasema ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, na hata magereza yake huitwa Vyuo vya Mafunzo.

Yuko wapi hasa?

Mtu akikamatwa, kwanza huwekwa kituo cha polisi. Kwa makosa mengi sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Akifikishwa, ama anapata dhamana na kurudi nyumbani, ama anapelekwa gereza lenye mahabusu. Kwa Dar es Salaam wengi huishia Segerea au Keko. Moshi ni Karanga, Mwanza ni Butimba. Hapo ndipo familia nyingi humpoteza mtu wao kwa siku kadhaa. Wanakwenda kituoni na chakula asubuhi, wanaambiwa "ameshapelekwa", basi, hakuna anayejua wapi.

Ukifika hapo usianze kuzunguka magereza yote. Nenda mahakamani alikosomewa shtaka, umwone karani. Muulize vitu vitatu: namba ya kesi, tarehe ya kesi kutajwa tena, na gereza alilopelekwa. Viandike kwenye daftari, usiviache kichwani wala kwenye simu peke yake. Namba ya kesi ndiyo ufunguo. Wakili ataiuliza, afisa wa msaada wa kisheria ataiuliza, na siku jina la baba likiandikwa vibaya (hutokea sana, Hamisi anageuka Khamis) namba ndiyo itakayomtafuta.

Mshtakiwa anayesubiri kesi akiwa gerezani hatakiwi kukaa zaidi ya siku 15 bila kesi yake kurudi mahakamani. Ndiyo maana utasikia kesi "inatajwa" kila baada ya wiki mbili hivi. Siku hiyo huwa analetwa na karandinga, na mahakama iko wazi kwa watu. Unaweza kuingia, ukakaa nyuma, simu imezimwa, ukamwona naye akakuona. Wengine hukata tamaa wakisikia "upelelezi haujakamilika" na dakika tano zimeisha. Mimi nasema nenda tu, kama si siku ya mtihani. Mtu anayeingia kizimbani akaona uso anaoujua hapati jibu la kesi, lakini anajua hajasahauliwa. Ila uliza mapema, maana tangu mwaka 2020 mahakama nyingine hutaja kesi kwa njia ya video na mahabusu haletwi kabisa.

Na kuhusu dhamana: dhamana yenyewe haiuzwi. Kwa makosa yanayodhaminika, mahakama hutaja masharti, mara nyingi wadhamini wenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Wewe wa chini ya miaka 18 huwezi kuwa mdhamini, lakini miguu yako inaweza kumfuata mjomba na kumpeleka kwa mtendaji. Vijana wengi wamewatoa wazazi wao kwa njia hiyo, kwa kuwa wakubwa nyumbani walikuwa wanalia tu. Yapo makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha. Hapo jiandaeni kwa safari ndefu.

Siku ya kumtembelea

Kila gereza lina siku na saa zake za wageni, na hubadilika. Usimsikilize mshikaji aliyekwenda mwaka juzi. Fika getini, msalimie askari, "Shikamoo afande," kisha uliza: siku gani, saa ngapi, nije na kitambulisho gani, vitu gani vinapokelewa, na je, mtu wa umri wangu anaruhusiwa kuingia peke yake? Ni vizuri uende na mtu mzima. Kitambulisho cha shule kibebe.

Tegemea foleni. Tegemea kupekuliwa. Utamwona baba kupitia wavu au kioo, askari amesimama karibu, na watu wengine pembeni wanapaza sauti kama mko sokoni. Dakika ni chache. Sasa wengi dakika hizo huzimalizia kwenye kulia, ukishtuka muda umekwisha na hujamwambia hata kwamba mdogo wako ameanza darasa la kwanza. Kulia si kosa. Ila andika kwenye kiganja au karatasi mambo matatu ya kumwambia na mawili ya kumuuliza. Usimuulize, "Ulifanya au hukufanya?" Hapo si mahali pake, na kuna masikio. Muulize analala vipi, anakula, anakohoa?

Mahabusu anaweza kupokea chakula na mahitaji kutoka nyumbani kwa utaratibu wa gereza. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa upya mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinalitaja hilo kwa watu ambao bado hawajahukumiwa. Usishangae ukiambiwa uonje chakula mbele ya askari. Sabuni, mswaki, kandambili na nguo za ndani ni vitu vidogo lakini mle ni dhahabu. Kama ni mama au dada yako aliyeko ndani, usione aibu kuulizia taulo za kike.

Fedha usimpe mkononi. Uliza ofisini zinapokelewaje na upewe maandishi. Halafu kuna hili: mtu usiyemjua anakusogelea nje ya geti, anakuomba kwa upole, "Dogo, niingizie hiki kifurushi, mimi nimesahau kitambulisho." Kataa. Ndani ya ugali huo inaweza kuwa bangi au laini ya simu, na wewe ndiye utakayebaki pale.

Simu je? Mahabusu haruhusiwi kuwa na simu yake. Kwa hiyo ukipigiwa na mtu anayejiita askari au mpelelezi akisema baba anaumwa sana, au jalada linafutwa, "tuma laki mbili haraka kwa namba hii", usitume. Matapeli hao wanajua kwamba mtoto mwenye hofu hahesabu. Malipo halali ya mahakama, kama faini, hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali na risiti hutoka. Kata simu, nenda gerezani ukaulize mwenyewe.

Dawa na kikohozi

Hapa nawaomba mtulie kidogo, maana ndipo mawasiliano yanapookoa maisha hasa.

Kama mtu wako anatumia ARV, au ana kisukari, pumu au kifafa, siku chache za kwanza ni hatari. Amekamatwa usiku, dawa zimebaki kabatini, naye anaogopa kusema mbele ya wenzake. Siku zinapita. ARV zikirukwarukwa, virusi vinaweza kuzizoea na dawa ile isifanye kazi tena. Kazi yako, au ya mtu mzima unayemwamini, ni kupeleka kadi yake ya kliniki ya CTC, au cheti cha hospitali kinachoonyesha dawa na kipimo chake. Usikitangaze getini. Omba kuonana na mhudumu wa afya wa gereza, umwambie faragha. Dawa za kutoka nyumbani huenda zisipokelewe kabla hazijakaguliwa, lakini kadi inaonyesha aendelee na nini. Mfungwa na mahabusu wana haki ya matibabu kama raia wa nje. Hilo nalo limo katika zile Kanuni za Mandela.

Jambo la pili ni kifua kikuu. TB huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, na hupenda chumba chenye watu wengi na madirisha machache. Unaona sasa kwa nini magereza duniani kote yana shida hiyo. Mandela mwenyewe aligundulika na TB mwaka 1988 akiwa mfungwa, akatibiwa, akapona, na mwaka 1994 akawa Rais wa Afrika Kusini. Je, wewe utaambukizwa kwa kumtembelea baba? Dakika chache mahali penye hewa si sawa na kulala naye chumba kimoja miezi mitatu. Haienei kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja. Ila ukisikia anakohoa wiki mbili au zaidi, anatoka jasho usiku na anakonda, mwambie aombe kupimwa, na wewe umwambie mhudumu wa afya. Akitoka, apimwe tena. Dawa ni bure, na TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi sita mfululizo bila kukatisha.

Barua

Kama gereza liko mbali au nauli hakuna, andika. Najua, kizazi chetu barua tunaijua kwenye mtihani wa Kiswahili tu. Lakini barua ina jambo ambalo ziara haina: inakaa naye, ataisoma hata mara ishirini.

Mandela alipopelekwa kisiwa cha Robben mwaka 1964 aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kila baada ya miezi sita. Watoto wa kati ya miaka 2 na 16 hawakuruhusiwa kabisa, hivyo binti zake walikua wakimjua baba yao kwa karatasi. Barua zilikatwakatwa kwa wembe, nyingine hazikufika. Ile ilikuwa serikali ya makaburu na leo mambo ni tofauti, lakini jambo moja halijabadilika: barua ya gerezani husomwa na askari kwanza. Basi usiandike habari za kesi, majina ya mashahidi, wala nani alisema nini. Hizo ni za wakili. Asiye na uwezo wa wakili aulizie msaada wa kisheria. Sheria yake ipo tangu mwaka 2017, na hutolewa bure.

Uandike nini sasa? Mambo ya nyumbani, tena madogomadogo. Mfano:

"Shikamoo baba. Sisi hatujambo. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika kiunoni, kuku wa mama Asha ndio wanatusumbua. Nimepata 62 ya Hesabu, najua utasema ni ndogo. Mama anauliza kama lile koti tukuletee. Tutakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nitakuandikia tena tarehe 1."

Ona hiyo tarehe ya mwisho. Afadhali barua moja kila mwezi isiyokosa kuliko tano wiki ya kwanza halafu kimya. Mtu aliye ndani hana kalenda nyingine zaidi ya kesi na ninyi. Usiahidi usichoweza. Na jibu likichelewa usidhani amekususa. Pengine hana karatasi au stempu, kwa hiyo ulizia kama unaweza kumpelekea.

Kuna kijana mwingine anasoma hapa naye hataki kumwona huyo mtu. Labda aliyeko ndani ndiye aliyempiga mama, au aliyekufanyia wewe ubaya. Hulazimishwi. Shangazi akisema "lakini ni baba yako", bado hulazimishwi. Ongea na mwalimu wa ushauri nasaha au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hasa kama ndugu wanakusukuma ubadilishe ushahidi.

Huyo mwalimu wa ushauri anafaa kwa wengine pia. Mtu mmoja shuleni akijua, ile Jumanne ya kesi haitaandikwa utoro, na mambo ya michango yatapata mtu wa kuyaeleza. Si lazima darasa zima lijue.

Kesi ikiisha kwa kifungo, mambo hubadilika. Atavaa sare, nafasi za kumwona zitapungua, chakula cha nyumbani hutakipeleka kama zamani, na anaweza kuhamishiwa gereza la mkoa mwingine bila ninyi kujua. Hivyo ukienda kumwona baada ya hukumu, kabla hujaondoka mwombe afande akuandikie jina la gereza, anwani yake na namba ya mfungwa ya baba.