MAONI YETU: Mtungi wa Gesi Uje na Mafunzo Yake

Tarehe 8 Mei, 2024, Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia nishati hiyo. Tunauunga mkono kwa dhati. Hata hivyo, pana jambo ambalo hatuna budi kulisema mapema.

Mtungi wa gesi umekwisha kuingia kazini: kwa mama lishe wa mji wa reli kama Malampaka, mkoani Simiyu, katika jiko la shule, na ndani ya vyombo vinavyovuka kwenda Ukerewe. Mtungi wa nyumbani una mwenyewe. Wa kazini hushikwa na kila mkono, na cha wote mara nyingi hakina mlinzi.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi wa kuni, bali hutambaa sakafuni na kutulia mahali pa chini. Dirisha la juu pekee halitoshi. Ndugu zetu wa visiwani waelewe kwamba katika mashua hujikusanya ngamani, na cheche moja ya injini yatosha. Basi mitungi isafirishwe juu, penye hewa, ikiwa imesimama wima na kufungwa imara.

Harufu yake kali imetiwa makusudi iwe onyo. Anayeisikia asiwashe taa wala asiizime. Afunge mtungi, afungue milango, awatoe watu. Mahali panapovuja hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Usiku wa tarehe 1 Februari, 2024, huko Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka mahali palipojaziwa mitungi bila kibali. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na moto ukayafikia makazi ya majirani. Uzembe wa kazini haukomei kazini.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Tunawataka maofisa wa wilaya wasihesabu mitungi iliyogawiwa tu, bali pia watu waliofundishwa kuitumia. Na kila jiko la kazini liwe na mtu mmoja anayejulikana, ambaye kazi yake ya mwisho kila jioni ni kufunga mtungi.