Kwa nini ziara ya Tsavo huwavunja moyo watalii wa meli

MELI ya kitalii inapofunga gati katika bandari ya Kilindini, Mombasa, wengi wa abiria walio ndani huwa wamekwisha kulipia ziara ya nchi kavu. Aghalabu walifanya hivyo miezi kadhaa kabla, wakiwa kwao Ulaya au Marekani, baada ya kuvutiwa na picha za ndovu waliojipaka udongo mwekundu wa Tsavo. Jioni ya siku hiyo hiyo, baadhi yao hupanda ngazi ya meli wakinung'unika kuwa waliona malori mengi kuliko wanyama.

Lawama za kwanza humwangukia dereva. Hata hivyo, ukizifuatilia saa za siku yenyewe, utapata kwamba ziara hiyo ilikuwa imeharibika kabla dereva hajawasha gari.

Mbuga ya Tsavo Mashariki, iliyoanzishwa mwaka wa 1948, ina ukubwa wa takriban kilomita 13,700 mraba. Lango la Buchuma, ambalo ni la karibu kwa anayetoka Mombasa, liko umbali wa kilomita mia moja hivi, ilhali lile la Voi ni mbali zaidi. Meli ikiwasili saa kumi na mbili asubuhi, sharti maafisa wa uhamiaji wamalize kazi yao kwanza. Kisha abiria huteremka kwa makundi, wakahesabiwa na kugawanywa katika magari. Msafara huenda ukaondoka saa mbili, na mbele yake kuna Changamwe, Miritini, Mazeras na Mariakani, ambako magari ya watalii hung'ang'ania barabara na malori ya mizigo yanayoelekea Nairobi na Uganda. Kufika langoni saa nne na nusu ni bahati njema.

Saa hiyo jua limekwisha pamba moto. Simba huwinda usiku na alfajiri, na joto linapozidi hujilaza vichakani. Ndovu nao hutafuta kivuli. Mgeni aliyelala mbugani huamshwa kungali na giza, akawakuta wanyama wakitembea. Mgeni wa meli huingia wakati ambapo hata ndege wamenyamaza, akazungushwa katika sehemu ndogo tu iliyo karibu na lango, akala chakula cha mchana, na kabla hajakitua vizuri kikombe cha kahawa anaambiwa muda umekwisha.

Haraka hiyo si ukaidi wa dereva. Meli haisubiri. Mnamo Machi 2024, abiria wanane walichelewa kurudi kutoka ziara waliyojipangia wenyewe katika kisiwa cha São Tomé. Meli ilikuwa ingali karibu na pwani, lakini nahodha hakukubali kuwachukua. Iliwabidi wasafiri kupitia nchi kadhaa za Afrika wakiifuata, hadi walipoipata Dakar, Senegal.

Abiria aliyenunua ziara kwa kampuni ya meli huahidiwa kwamba atasubiriwa iwapo msafara utachelewa, na hiyo ndiyo sababu kuu ya wengi kukubali bei ya juu. Hata hivyo, meli kuchelewa ni gharama kubwa, na kampuni ya hapa nchini itakayosababisha hasara hiyo haiwezi kutarajia kandarasi nyingine. Kwa hivyo kampuni hiyo hujiwekea akiba ya saa nzima au zaidi kwa ajili ya msongamano wa Mariakani. Akiba hiyo haitolewi kwingine ila katika muda wa mgeni mbugani.

Kisha kuna pesa. Bei anayolipa abiria hupitia kwa kampuni ya meli, pengine kwa wakala wa ng'ambo, ndipo imfikie mwenye magari wa Mombasa, na kila mmoja hukata fungu lake. Dereva hubakia na ujira wa siku na matumaini ya bakshishi. Si ajabu basi akisimama nusu saa kwenye duka la vinyago ambalo humpa kamisheni kwa kila kinachonunuliwa. Abiria huona ameibiwa muda, akafunga mkoba wake. Na dereva aliyeamka saa tisa usiku hurejea nyumbani bila ile bakshishi aliyoitegemea.

Hasara haiishii hapo. Mombasa imewahi kuonja ukosefu wa meli hizi. Mnamo Novemba 2005, maharamia wa Kisomali waliishambulia kwa risasi na roketi meli ya Seabourn Spirit iliyokuwa safarini kuja Mombasa, ikabidi igeuzwe kuelekea Ushelisheli. Katika miaka iliyofuata kampuni nyingi ziliikwepa pwani hii. Zilirejea polepole, na zingali zinapanga safari zao mwaka mmoja au miwili kabla, zikizingatia maoni ambayo abiria huyajaza wakiwa bado melini.

La kushangaza ni kwamba vivutio visivyohitaji haraka hiyo viko karibu. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kutambuliwa na Unesco mwaka wa 2011, iko upande wa pili wa kisiwa hicho hicho. Haller Park ya Bamburi, iliyokuwa machimbo ya mawe ya saruji, ina twiga na mamba. Shimba Hills, Kwale, ina ndovu pamoja na palahala, mnyama ambaye nchini Kenya hupatikana huko pekee. Ila picha ya simba huuza tiketi kuliko picha ya ngome, na bei ya ziara ya mjini haina minofu ya kutosha kugawanywa na wote hao.

Kwa meli zinazolala Mombasa usiku mmoja mambo huwa tofauti kabisa, kwani abiria hulala Voi na kuingia mbugani alfajiri. Kwa zile zinazoondoka jioni, swali la kumuuliza muuzaji ni moja: mgeni atakaa saa ngapi ndani ya lango, pasipo kuhesabu barabara, chakula na duka?