Kabla ya kubofya ‘ripoti’, hifadhi ushahidi

PICHA ya aibu ikitupwa asubuhi katika kundi la WhatsApp mjini Maua, kufikia adhuhuri yaweza kuwa imepita Nkubu na Chuka, ikabisha hodi Runyenjes na Embu. Aliyedhalilishwa hutamani jambo moja tu: iondolewe papo hapo.

Haraka hiyo inaeleweka. Hata hivyo, ndiyo inayoweza kumfanya afute kwa mkono wake mwenyewe kile ambacho mahakama ingekihitaji ili kumtendea haki.

Chanzo cha tatizo ni kudhani kwamba kuripoti kwa kampuni ya mtandao ni sawa na kuripoti kwa serikali. Hiyo ni milango miwili tofauti. Kampuni huangalia tu iwapo kanuni zake zimevunjwa. Ikiridhika, huondoa ujumbe au kufunga akaunti. Haimkamati mtu, wala malalamishi hayo hayamfikii mpelelezi wa Meru au Embu kwa njia hiyo.

Katika WhatsApp, mtu anaporipotiwa, kampuni hupokea hadi jumbe 5 za mwisho alizomtumia mlalamishi, naye mshukiwa haarifiwi. Lakini katika hatua iyo hiyo, mlalamishi hupewa nafasi ya kumzuia mtu huyo na kufuta mazungumzo yao. Akikubali bila kutafakari, ushahidi uliokuwa katika simu yake hutoweka.

Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kuhifadhi. Picha ya skrini ionyeshe jina la akaunti au nambari ya simu, tarehe na saa. Ikiwa ni Facebook au TikTok, anwani ya ukurasa inakiliwe pia. Aidha, simu yenyewe isiuzwe wala kusafishwa. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hudai cheti kinachoeleza jinsi nakala ya kielektroniki ilivyotolewa na chombo kilichotumika.

Hatua ya pili ni kituo cha polisi kilicho karibu. Mlalamishi aandikishe taarifa, apewe nambari ya OB, na aombe kesi ifikishwe kwa maafisa wa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Baada ya hapo ndipo abofye kitufe cha kuripoti.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, katika kifungu cha 37, inamwadhibu anayesambaza picha ya faragha ya mwenzake kwa faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au adhabu zote mbili. Kosa hilo halimhusu aliyeanza pekee. Anayeipokea na kuipeleka kwa wengine, hata kwa kisingizio cha kuwaonya, naye yumo hatarini.

Picha ikiwa ya mtoto, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa hata kuwa nayo ni kosa. Isinakiliwe wala kutumiwa mtu yeyote. Simu ipelekwe polisi kama ilivyo. Nambari 116, isiyotozwa ada, hupokea taarifa za dhuluma dhidi ya watoto.

Si kila picha ni ya utupu. Mtu ambaye sura yake imetumiwa bila idhini anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria hupaswa kukamilisha uchunguzi katika siku 90. Mnamo 2023, ofisi hiyo iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake.

Kwa watu wazima wanaotishwa kwamba picha zao zitaanikwa, huduma ya StopNCII iliyoanzishwa 2021 huunda alama maalumu ya picha bila picha yenyewe kutoka katika simu. Kampuni shirika huitumia alama hiyo kuizuia isisambae.

Lugha nayo ni kikwazo. Tusi la mafumbo kwa Kimeru au Kiembu linaweza kumpita mkaguzi asiyejua lugha hiyo. Polisi wanapoandika taarifa, mlalamishi aeleze maana ya maneno hayo kama yanavyofahamika kijijini.

Isitoshe, familia nyingine hupendelea kuyamaliza mambo nyumbani au mbele ya wazee wa Njuri Ncheke. Kifungu cha 159 cha Katiba kinatambua njia za jadi za upatanisho, mradi zisikiuke Sheria ya Haki za Kimsingi wala kutokeza matokeo yanayopingana na haki. Mbuzi wa fidia anaweza kupatanisha majirani waliotukanana. Hawezi kuondoa picha ya msichana katika simu za watu asiowajua, wala kumzuia aliyeisambaza asirudie kwa mwingine.