Mfupa Si Kalsiamu Pekee

Chukua mfupa wa paja la kuku, uuloweke kwenye siki kwa siku kadhaa, ukibadilisha siki kila inapochoka. Asidi itayeyusha madini, na utabaki na kitu chenye umbo lilelile la mfupa, ila kinapindika bila kuvunjika. Ukichoma mfupa mwingine moto hadi uwe mweupe, mambo ni kinyume: protini imeungua, madini yamebaki, na ukiubonyeza unasagika.

Hicho kinachopindika ni kolajeni, ambayo ni takriban asilimia 90 ya protini zote za mfupa. Molekuli yake ni minyororo mitatu iliyosokotwa kama kamba, kila mmoja ukiwa na asidi amino zipatazo 1,000. Kila ya tatu ni glaisini, ndogo kuliko zote, kwa kuwa katikati ya msokoto hapaenei nyingine. Hitilafu ya jeni ikiweka kubwa zaidi mahali pa glaisini moja tu, msokoto huharibika. Wapo watoto wanaozaliwa tayari wamevunjika mifupa kwa sababu hiyo.

Kusokotwa peke yake hakutoshi. Kimeng'enya maalumu lazima kipachike oksijeni kwenye prolini, asidi amino nyingine iliyojaa humo. Bila hatua hiyo kolajeni hufumuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na mwili wetu una 37! Kimeng'enya hicho nacho hukwama kikikosa vitamini C, na matokeo yake ni kiseyeye. Mabaharia wa Vasco da Gama walikijua vizuri. Walipofika Malindi Januari 1499, baada ya karibu miezi mitatu baharini kutoka India, wenzao wapatao 30 walikuwa wamekufa, na wagonjwa walichotamani ni machungwa.

Kolajeni ikishakaa sawa, fuwele za kalsiamu na fosfeti hujipanga ndani yake. Zipo protini ndogo zinazoshiriki kazi hiyo, kama osteokalsini, ambayo haishiki kalsiamu sawasawa bila vitamini K, ile ya mboga za majani.

Supu ya makongoro, je? Ikipoa huganda kwa sababu ya kolajeni iliyofumuka kwa kuchemshwa. Lakini wanaosema inakwenda moja kwa moja magotini wanatia chumvi: tumboni huvunjwavunjwa kuwa asidi amino, sawa na protini ya maharage. Inywe kwa utamu wake, na usisahau kuikamulia ndimu.