Akili Mnemba Mikononi mwa Mwalimu

Mwalimu wa sekondari wa Babati atakayefunzwa kutumia akili mnemba na aanze na swali ambalo jibu lake analijua. Aiulize habari za Ziwa Babati, kisha awapeleke wanafunzi wakalitazame ziwa lenyewe. Mashine hii hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, haikushuhudia lolote. Ndiyo maana huweza hata kumzulia Mtume (s.a.w.) hadithi na kuipachika jina la mpokezi, msiba mkubwa katika somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 ulipendekeza mtumiaji awe na umri usiopungua miaka 13, nao wa kidato cha kwanza wako ukingoni hapo. Enyi wazazi, mkihudhuria kikao cha shule, ulizeni: walimu wetu wamefunzwa na nani kuyahakiki majibu haya?